Gari la Mwalimu Kokushubira na Mlima wa Kamachumu

Mwalimu Kokushubira alikuwa mtu asiyependa kusukumwa. Ugonjwa wa utotoni ulimlegeza mguu wa kushoto, na tangu akiwa na miaka sita watu walimshika mkono bila kuombwa, wakamkalisha wakati anataka kusimama, wakampa pole hata siku ambazo alikuwa na furaha zake. Kwa hiyo mwaka 1971, yeye na mumewe Anatory waliponunua gari kwa daktari mmoja Mholanzi aliyekuwa anarudi kwao, Mwalimu aliingia, akaketi mbele ya usukani, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Wiki nzima hakuna aliyeweza kumtoa humo ila kwa shughuli za lazima.

Lilikuwa gari refu, la rangi ya maziwa, na nyuma lilikuwa na nafasi ya kuwatosha watoto wanne na mikungu ya ndizi. Halikuwa na klachi. Ulivuta mkono wa gia kando ya usukani, ukakanyaga mafuta, gia zikajibadili zenyewe. Mguu wa kulia ulitosha kwa kazi zote. Pale Mkolani, mtaani kwao Mwanza, watu waliliita gari la kujiendesha, na wazee wawili watatu walikataa lifti mpaka walipohakikishiwa kwamba Mwalimu ndiye anayeliamuru, wala si lenyewe linaloamua liende wapi.

Anatory, aliyekuwa karani wa ghala la pamba, hakujua kuendesha na hakutaka kujua.

"Nyumba moja, dereva mmoja," alisema. "Mke wangu, Mama Rugemalira, anaendesha. Mimi nafungua mageti."

Miaka mitatu ilipita vizuri. Aibu ilikuja Krismasi ya mwaka 1974.

Walikuwa wanakwenda kwa mama yake Mwalimu, Mama Bernadeta, huko Kamachumu, upande wa Bukoba. Walivuka kwa pantoni pale Busisi, wakapita Geita na Biharamulo, wakalala kwa ndugu wa Anatory njiani, na asubuhi ya sikukuu wakaanza kuupanda mlima. Katikati ya mlima gari likabadili tabia. Injini ilinguruma kama inataka kuruka, lakini magurudumu yalizunguka kwa uvivu, kisha hayakuzunguka kabisa. Harufu ikajaa ndani, kama ya maharage yaliyoungulia chunguni.

Misa ya kwanza ilikuwa imetoka. Watu waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote walilizunguka gari, na kabla Mwalimu hajasema neno, wanaume kumi na watano walikuwa wameshakaa nyuma yake na pembeni, wanalisukuma huku wanaimba. Walisukuma mpaka juu, wakalisukuma mpaka uani kwa Mama Bernadeta. Bibi wa watu aliposikia nyimbo alitoka mbio na kitambaa kichwani, akidhani kwaya imekuja kumpa heri ya Krismasi. Aliwapigia makofi. Wajukuu walicheka mpaka machozi, Anatory akacheka, hata padri aliyepita na baiskeli akacheka.

Mwalimu alicheka pia, ili asionekane ameumia. Lakini pale nyuma ya usukani, wakati gari linapanda kwa nguvu za wengine, aliihisi tena ile mikono ya utotoni mgongoni mwake.

Gari lilipoa siku mbili, likarudi Mwanza taratibu. Januari akalipeleka kwa Ngosha, fundi aliyesifika mjini. Ngosha alikuwa mtu mwema, mwenye kicheko kikubwa na spana nyingi. Alilala chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono.

"Mwalimu, hii giaboksi inachemka."

"Inachemka kwa nini?"

"Inachemka kwa sababu inachemka."

"Jibu hilo mwanafunzi wangu akiniandikia, nampa sifuri."

Ngosha akacheka. "Sikiliza. Hizi ni mashine za Wazungu, hatuzijui. Dawa yake ni kuing'oa. Nakuwekea giaboksi ya kawaida, ya klachi, utasahau shida zote."

"Na hiyo klachi nitaikanyaga kwa mguu gani?"

Ngosha akautazama mguu, akautazama ukuta. "Mzee atajifunza kuendesha," alisema kwa upole.

Anatory, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Mimi nafungua mageti," alisema.

Wakarudi nyumbani. Mwalimu hakula vizuri siku ile. Alijua Ngosha hakumtakia mabaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu watu wema ndio waliokuwa wakimkalisha maisha yake yote.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa inasoma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi alasiri, watoto wakishatoka darasani, madawati yale yale yalikaliwa na watu wazima, magoti yakigonga mbao. Mwalimu Kokushubira alifundisha darasa la watu thelathini. Jumatano ile, badala ya kuandika sentensi za kitabuni, akaandika ubaoni kilichokuwa moyoni: *Gari la mwalimu linachemka.*

Aliyenyoosha mkono kusoma alikuwa Zadok Oluoch, mzee wa Shirati mwenye miaka hamsini na minne, fundi wa injini za meli, mara karakanani, mara safarini ziwani. Miaka ishirini na sita alikuwa ameishi na injini. Aliweza kusimama mlangoni na kukuambia ni silinda ipi inayokohoa. Lakini jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya mshahara alikuwa hajawahi kulisoma mpaka mwaka 1972, alipoingia darasa hili.

"Ga-ri la mwa-li-mu li-na-che-mka," alisoma, kidole kikifuata hewani. Darasa likacheka. Zadok hakucheka. Wenzake walipotoka, alibaki.

"Mwalimu, linachemka maji au oili?"

Lilikuwa swali la kwanza la maana aliloulizwa tangu Krismasi. "Oili," alisema. "Ya giaboksi."

"Jumamosi nitakuja."

Akaja, na gunia lake la kulalia chini ya magari.

"Shikamoo, Mzee Zadok."

"Marahaba, Mwalimu. Tulione hilo gari lako."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akainusa, akaisugua katikati ya vidole. Ilipaswa kuwa nyekundu. Ilikuwa kahawia kama chai iliyochemka kupita kiasi.

"Hii imeungua," alisema. "Tazama, Mwalimu. Melini, injini kubwa ina mahali pa kupozea oili. Maji ya ziwa yanapita huku, oili inapita huku, zinapeana joto bila kugusana. Oili ikikosa kupoa inakuwa nyepesi kama maji, na ikiwa maji haina nguvu ya kusukuma kitu. Hili lako linapoa wapi?"

Mwalimu akaleta kitabu cha gari, kilichoandikwa Kiingereza. Yeye alisoma, Zadok akafuata mchoro kwa kucha. Wakagundua mabomba mawili membamba yanayotoka kwenye giaboksi mpaka sehemu ya chini ya rejeta, oili ikaogelee kidogo karibu na maji, kisha irudi.

"Sawa," alisema Zadok. "Na kama maji ya rejeta yenyewe yako moto, kwa sababu gari limebeba watu sita na linapanda mlima?"

"Oili haiwezi kupoa kuliko hayo maji yenyewe," Mwalimu alijibu.

"Mia kwa mia. Tunahitaji rejeta nyingine, ndogo, ya oili peke yake, ikae mbele kabisa ipigwe na upepo."

Na kweli, kurasa mbili mbele, kitabu kilisema hivyo hivyo: wanaoishi milimani wanaweza kuagiza kipozeo cha ziada kutoka Ulaya. Anatory, aliyekuwa anajua habari za vibali vya fedha za kigeni, alisema kitu hicho kikiagizwa leo, Rugemalira atakipokea akiwa na wajukuu. Rugemalira, kifungua mimba wao, alikuwa na miaka kumi na mbili.

Wakaanza kutafuta. Anatory akapata bomba la nyuma ya friji iliyokufa, akalileta kwa fahari. Zadok akalipuliza mdomoni mpaka mashavu yakavimba. "Hili jembamba mno, Bwana Anatory. Oili itapita humu kama uzi kwenye sindano. Giaboksi itakufa kwa kiu." Anatory akalitumia kuanikia soksi.

Siku moja Zadok alitaja, bila kuwaza, kwamba karakanani kwao kuna vipozeo viwili vidogo vimekaa juu ya rafu mwaka wa tatu, havina kazi. Mwalimu akamtazama kwa macho ya kuomba.

"Hapana, Mwalimu," alisema Zadok. "Ulituandikisha imla wewe mwenyewe. Mali ya umma ni mali yetu sote. Nikikichukua kimoja kitakuwa changu peke yangu."

Mwalimu akaona haya, kisha akacheka, kwa kuwa mwanafunzi alikuwa ameielewa imla kuliko aliyeisoma.

Jibu lilikuja mwezi Machi, darasa la sita, somo la joto. Mwalimu alikuwa amemwita msichana mmoja mbele, akamshikisha chupa ya maji ya moto.

"Mikono yako imepata nini?"

"Joto, Mwalimu."

"Haya, darasa. Kitu kinachokipasha kingine joto, chenyewe kinafanya nini?"

"Kinapoaaa!"

Chaki ikamdondoka. Akawaambia wafanye zoezi la ukurasa wa arobaini, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akatoka mpaka kwenye gari lililokuwa limeegeshwa nyuma ya shule. Chini ya dashibodi palikuwa na kishikio chenye alama nyekundu. Walikivuta mara moja tu, wiki ya kwanza, na hewa ya moto ikawapuliza miguuni wote wakapiga kelele. Ilikuwa hita. Mwanza, hita!

Saa kumi ilipofika hakusubiri hata salamu ziishe. "Mzee Zadok, ndani ya hita ya gari kuna nini?"

"Rejeta ndogo tu. Maji ya moto yanapita, feni inapuliza, watu wanapata joto…" Midomo yake ikafunguka taratibu. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye dawati la mtoto na dawati likalia. "Mwalimu! Kipozeo kimekuwamo ndani ya gari siku zote!"

Walikitoa Jumamosi. Kazi iliyoonekana ya saa moja ikala asubuhi nzima, kwa maana aliyelitengeneza gari lile hakutegemea kwamba kuna mtu atakayetaka hita yake. Zadok alifanya kazi kichwa chini miguu juu, Mwalimu akiwa kwenye kigoda, akimpa spana na kupanga skrubu kwenye sinia kwa mpangilio wa zilivyotoka. Hatimaye kikatoka: kitu cha shaba, ukubwa wa daftari kumi zilizopangwa pamoja, kimejaa vumbi. Mabomba ya maji yaliyoachwa wazi wakayaunganisha, injini isipoteze maji yake.

Wakakiosha kwa mafuta ya taa. Wakaziba upande mmoja, upande wa pili wakafunga pampu ya baiskeli, wakakizamisha kwenye karai la maji. Anatory akapampu. Pembe moja ikatoa viputo. Zadok akapasha nondo ya lehemu kwenye jiko la mkaa, akaziba, wakazamisha tena. Kimya. Hakuna hata kiputo.

Wakakifunga mbele ya rejeta kubwa kwa vipande vya bati nene. Zadok akakata bomba la oili. "Siyo la kwenda," alimweleza Mwalimu, "la kurudi. Oili ikishaachana na maji, ndipo ikutane na upepo, kisha irudi nyumbani imetulia." Ili kuunganisha bomba na kipozeo walihitaji mpira. Kilichopatikana kilikuwa kipande cha mpira wa rejeta, wa maji. Zadok alikitazama kwa muda, akakifunga. Wakamwaga oili chakavu, wakajaza mpya, nyekundu kama damu, kutoka kwenye makopo ambayo yule daktari aliyaacha stoo.

Jumapili baada ya ibada wakaenda kulijaribu, kuelekea Usagara na kurudi. Ilibidi wawahi, maana miaka ile ya kubana mafuta, ikifika saa nane mchana siku ya Jumapili, magari ya watu binafsi yalitakiwa yawe yamelala. Kwenda walikwenda vizuri. Kurudi, wakiwa wamebakiza kama nusu kilomita kufika nyumbani, gari likapoteza nguvu.

Zadok akafungua boneti. Mpira ulikuwa umevimba, laini kama ndizi iliyoiva, na oili ilikuwa inachuruzika.

"Kosa langu," alisema. "Mpira wa maji haupatani na oili ya moto. Nilijua, nikasema labda."

Wakati huohuo wakamwona Mama Paskazia, balozi wao wa nyumba kumi, anakuja nyuma yao kwa hatua za haraka, macho chini, anafuata matone mekundu barabarani. Alikuwa ameshika kalamu na daftari.

"Nani amechinja bila kibali?" aliuliza kabla hajainua kichwa.

"Ni gari, Mama Paskazia," alisema Anatory.

Balozi akachovya kidole, akanusa, akakunja uso. Akatazama saa yake. "Mwalimu, ni saa nane kasoro dakika kumi na mbili."

Walikuwa watatu wa kusukuma: Anatory, Zadok, na balozi mwenyewe aliyekwisha kuliweka daftari kwenye dirisha la nyuma. Mwalimu aliwatazama wakijipanga. Akafungua mlango, akateremka. Mkono mmoja akaupitisha dirishani kushika usukani, wa pili akaushika kwenye fremu ya mlango, akaliegemea gari kwa bega.

"Mama Rugemalira, kaa ndani," alisema Anatory.

"Sikai. Haya, moja, mbili!"

Mguu ulimuuma, fimbo waliisahau barabarani ikabidi irudiwe, lakini walifika uani saa nane kasoro dakika mbili, wote wanne wametota jasho, Mama Paskazia akicheka kuliko wote. Usiku ule Mwalimu alilala kama mtoto.

Mpira wa kufaa ulipatikana kwa mtu ambaye hawakumtegemea. Ngosha alisikia habari, mji haufichi kitu, akaja mwenyewe na kipande cha mpira mweusi wenye nyuzi ndani, kutoka kwenye bomba la oili la lori lililokufa.

"Nimekuja kuona mnavyoshindwa," alisema, akimkabidhi Zadok. Lakini alivua shati, akalala chini ya gari pamoja naye, na alipotoka saa mbili baadaye alikuwa ameuliza maswali mengi kuliko darasa la sita.

Mwezi Juni, shule zilipofungwa, Leonsia, mdogo wake Mwalimu, alikuwa anaolewa Kamachumu. Mwalimu akamwalika Zadok, ambaye alikuwa likizo.

"Bukoba naifahamu," alisema Zadok. "Nimefika zaidi ya mara elfu kwa meli. Ila sijawahi kufika mbali kuliko sokoni. Tunapakua, tunapakia, tunarudi." Akafikiri. "Ndizi zile zinatoka wapi hasa?"

"Twende nikakuonyeshe."

Njia nzima Zadok alikaa mbele kama nahodha. Kila waliposimama aliteremka, akakigusa kipozeo kwa kiganja. "Vuguvugu," aliripoti Sengerema. "Vuguvugu," aliripoti Biharamulo. Na kila kibao cha barabarani alikisoma kwa sauti, watoto nyuma wakiitikia kama litania.

Walipofika chini ya mlima wa Kamachumu, watoto wakasogea mbele kuichungulia barabara. Mwalimu alishusha pumzi. Akakanyaga mafuta. Gari likapanda. Kona ya kwanza, ya pili. Pale liliposimama Krismasi, akaukaza usukani, akasubiri ile harufu ya maharage. Haikuja. Injini ilinguruma kwa sauti ya mtu anayefanya kazi yake, magurudumu yakaitii, na migomba ikawa inapita kando mmoja baada ya mwingine mpaka upepo wa juu ukaingia madirishani.

Hakusimama kileleni. Alipiga honi tu, mara tatu, ndefu.

Mama Bernadeta alikuwa getini. "Leo hamkuja na kwaya?" aliuliza.

"Leo nimekuja na fundi, Mama."

Anatory alikuwa ameshateremka, analifungua geti.

Harusi ilikuwa siku mbili, na Zadok akawa mgeni aliyegombaniwa. Wazee walimtembeza mashambani, wakamwonyesha kahawa na migomba, wakamnywesha rubisi, pombe yao ya ndizi, wakamtaka aeleze mambo ya ndani ya meli. Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kukoboa kahawa iliyokwama tangu mwaka jana. Zadok aliisikiliza, akaifungua, ikaanza kukoboa. Baada ya hapo hakuruhusiwa kuondoka. Mwalimu na familia yake wakarudi Mwanza na mikungu minane ya ndizi. Fundi akabaki wiki nzima, na mwisho akaletwa bandarini Bukoba na wenyeji wake, wakamkatia tiketi ya meli.

Asubuhi meli ilipoingia Mwanza, Mwalimu alikuwa bandarini na gari lake. Aliwaona abiria wakishuka, na katikati yao Zadok, kofia mpya kichwani, mkungu begani, anashuka taratibu kama mtu asiyetaka ngazi iishe.

"Shikamoo, Mzee Zadok. Safari?"

"Marahaba, Mwalimu." Akautua mkungu chini, akageuka kutazama nyuma alikotoka, ambako jua lilikuwa limeshaanza kuwaka juu ya maji na visiwa vya mawe vilikuwa vimesimama kimoja kimoja. "Wale vijana wa injini waliniita nishuke chini nikawasalimie. Nikawaambia baadaye. Nimekaa juu na abiria, kwenye benchi, tangu kulipopambazuka." Akatikisa kichwa. "Miaka ishirini na sita nimelisikia ziwa hili likigonga ubavuni mwa meli, nikiwa kule chini. Mwalimu, ziwa hili ni zuri!"